Kianjai Tunakopa: Loan Iende na Kalenda ya Doo Yako

Kianjai doo haiingii siku moja kwa kila mtu. Msee wa nduthi anashika zake kila jioni, soo hapa, finje pale, mpaka mfuko wa jaketi unakuwa mzito. Mathe wa maharagwe anangoja msimu, na misimu ni miwili tu kwa mwaka, mvua ya Machi na ile ya Oktoba. Mwenye miraa anachuma, anapumzisha miti wiki kadhaa, halafu anachuma tena mvua ikikubali. Ticha anangoja mwisho wa mwezi. Na hapo Nchiru, kwa hii hii barabara ya Meru kwenda Maua, mayut wa Chuo Kikuu cha Meru wanangoja loan ya HELB iland ndio wapumue.

Sasa cheki loan zenye tunaletewa. Hustler Fund inadai ndani ya siku 14. Za simu nyingi ni siku 30. Ya nduthi ni kila siku, hata ukiwa umelala mgonjwa. Sacco inakata kila mwezi. Kila loan inakuja na kalenda yake tayari, na hakuna mtu amekuuliza miraa yako inachumwa lini. Nimeskiza wasee wengi kwa stage na kwa mabase wakibonga story za madeni, na naamini hivi: wengi wenye wamechomeka hawakuwa wavivu, na hawakuwa mafala. Walibeba loan yenye kalenda yake haijuani kabisa na kalenda ya doo yao.

Waswahili walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Naiheshimu hiyo methali, lakini siikubali yote. Kuna wasee huku wamesomesha watoto na loan, wengine wamenunua ng'ombe wa maziwa na loan, wengine wamefungua vinyozi na loan, na hawajalia matanga yoyote. Walijua mambo mawili kabla ya kushika doo: inauzwa bei gani, na inarudi lini. Hayo mawili ndio msingi, kwa mwenye kukopa na kwa mwenye kukopesha.

Bei yake ni ngapi kwa ukweli

Mwenye doo akikuachia doo yake, ile ya juu unamrudishia inalipia vitu vitatu: muda wenye yeye hawezi kuitumia, hatari kwamba unaweza kuingia mitini, na kazi ya kukufuata mpaka ulipe. Hiyo ni haki yake. Shida ni venye bei inaandikwa vipande vipande. Hapa riba, pale ada ya kufungua, hapo ushuru, huko bima, halafu faini ukichelewa. Zote zinatoka kwa mfuko mmoja, kwa hivyo zijumlishe zote. Kuna swali moja tu la kumuuliza mtu yeyote mwenye anataka kukupea loan, awe benki, apu ama jirani: mpaka siku ya mwisho, jumla nitakuwa nimerudisha ngapi? Akishindwa kukujibu kwa namba moja, toka hapo.

Chukua M-Shwari, ile ilianza Novemba 2012 na ikafungulia Wakenya wengi mlango wa kukopa kwa simu. Ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30, na ushuru juu yake. Ukikopa ngiri moja mara moja, unaona ni soo haifiki, hakuna noma. Lakini kuna wasee wanalipa leo, wanakopa tena kesho, mwaka mzima. Asilimia 7.5 mara miezi 12 ni asilimia 90 kwa mwaka. Hapo sasa ngiri moja imekutoa karibu ngiri ingine, na bado unadaiwa ile ya kwanza. Fuliza, iliyokuja Januari 2019, iko tofauti kidogo: unalipa asilimia 1 ya kufungua, halafu ada ya kila siku mpaka umalize, na doo yoyote ikiingia kwa M-Pesa inakatwa kwanza kabla hujaiona. Hiyo ni msaada wa siku moja, mtoto ameumwa usiku ama gari imekwama njiani. Msee akiishi ndani ya Fuliza mwezi baada ya mwezi, anafanyia kazi ada za kila siku.

Hustler Fund, ile Rais Ruto alizindua tarehe 30 Novemba 2022, ndio bei rahisi kuliko zote za simu, na watu wengi hawajawahi kuifanyia hesabu. Riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka. Tuseme limiti yako imefika ngiri tano. Asilimia 5 inaenda kwa akiba yako, yaani soo mbili na finje, so unashika 4,750. Baada ya siku 14 riba ni kama bob 15 tu. Ukichelewa inapanda hadi asilimia 9.5, na limiti yako inaumia. Kwa bei hakuna apu inaikaribia. Lakini siku 14 ni siku 14, na hapo ndio kalenda inaingia. Hii doo haiwezi kupanda maharagwe, juu maharagwe yanataka karibu miezi mitatu shambani. Inaweza kununua maharagwe ya mtu yamekauka tayari hapa Kianjai, uyapeleke Gakoromone pale Meru mjini, uuze, ulipe, ubaki na faida, yote ndani ya wiki moja. Kwa mfanyabiashara wa kuzungusha mali ni loan poa sana. Kwa mkulima mwenye anangoja mvua, ni presha ya bure.

Kuna kitu kingine kinawapiga wasee bila wao kujua: namna riba inahesabiwa. Sema umekopa 60,000 kulipa mwaka mmoja, riba asilimia 12. Mkopeshaji wa kwanza anahesabu riba kwa deni lote mpaka mwisho, hata kama ushalipa nusu. Riba yako ni 7,200. Wa pili anahesabu riba kwa deni lenye limebaki tu. Mwezi wa kwanza unalipa 600, wa pili 550, inashuka hivyo mpaka mwezi wa mwisho ni 50. Jumla ni 3,900. Wote wawili wamekuambia asilimia 12, lakini mmoja amekubeba 3,300 zaidi. Sacco nyingi zinatumia hiyo njia ya pili, na ndio sababu moja naziamini. Ukienda mahali uliza kabisa: riba ni ya deni lote ama ya salio?

Na uliza pia kama ni ya mwezi ama ya mwaka. Shylock anasema asilimia 20, unaskia kama benki. Yake ni ya mwezi. Ngiri kumi yake inazaa ngiri mbili kila mwezi, na mwaka ukiisha umempea ngiri 24 ya riba na ile kumi bado imesimama pale pale. Saa hiyo ameshika kadi yako ya benki, na mshahara ukiingia yeye ndio wa kwanza kwa ATM. Nimeona mtu mzima, mwenye kazi ya serikali, akiomba nauli ya kwenda kazini juu kadi yake iko kwa mfuko wa mtu mwingine.

Mtu atasema basi serikali ilazimishe riba iwe chini. Ilijaribu. Septemba 2016 sheria ikafunga riba ya benki, isipite asilimia 4 juu ya kile kiwango cha Benki Kuu. Tulishangilia. Halafu benki zikakaza, zikaona afadhali kukopesha serikali kuliko kukopesha kinyozi wa Kianjai bila dhamana, na watu wadogo wakasukumwa kwa apu zenye bei mara kumi. Novemba 2019 sheria ikaondolewa. Kwangu mimi hiyo miaka mitatu ilionyesha wazi kwamba kushusha bei kwa karatasi hakumfanyi mkopeshaji akuamini. Kinachomfanya akuamini ni rekodi yako ya kulipa.

Nduthi

Nduthi ndio loan kubwa ya kwanza ya mayut wengi wa huku. Deposit unatoa, pikipiki unapewa siku hiyo hiyo, inang'aa, na mathe anakuombea. Tufanye hesabu ya mfano. Deposit 30,000, kila siku 450, miezi 18. Siku 540 mara 450 ni 243,000. Weka deposit, umefika 273,000. Kama hiyo pikipiki inauzwa 170,000 kwa kaunta, umenunua muda kwa 103,000.

Si lazima iwe mbaya. Kalenda yake inaenda na ya nduthi: unashika doo kila siku, unalipa kila siku. Kwa mtu mwenye hawezi kukusanya 170,000 mara moja, na ako na stage nzuri na wateja wa kila siku, inaweza kumjenga. Lakini hiyo 450 haijui Jumapili wala mvua ya Novemba yenye barabara za Miathene zinakuwa matope. Haijui siku karao wamekushika, ama siku bei ya mafuta imepanda. Hesabu siku zako za kazi kwa ukweli. Ukifanya kazi siku sita kwa wiki na deni linalipwa siku saba, basi kila siku ya kazi lazima utoe 525 wala si 450. Toa hiyo, toa mafuta, toa servisi na chakula, ndio uone unabaki na nini. Wasee wenye nimeona wamemaliza kulipa na wakabaki na nduthi yao walikuwa na kitu kimoja sawa: malipo ya kama wiki moja yalikuwa yamewekwa kando toka mwanzo, hayaguswi. Siku ya kuugua haikuwapata wakiwa mikono mitupu.

Na logbook? Mpaka umalize, jina la mkopeshaji liko hapo. Kabla ya kuweka sahihi uliza kuhamisha jina ni ngapi, na ukimaliza mapema unapunguziwa ama hapana. Watu wanauliza hayo wakiwa wamemaliza, saa hiyo hakuna mtu wa kukuskiza.

Miraa

Kuna deni la huku Tigania na Igembe lenye haliko kwa apu yoyote. Mzee ana miti, shule imefungua, karo haijatoka. Anaita mfanyabiashara, wanaongea, anapewa doo yote pamoja, na mfanyabiashara anachuma miti yake kwa muda wenye wameelewana. Hakuna mtu anaita loan, lakini ni loan, na riba yake iko kwa majani.

Fanya hesabu ya mfano. Umepewa 40,000 kwa mwaka mmoja. Kila mchumo, ukitoa gharama, miti yako ingekupea 12,000. Ikichumwa mara saba ni 84,000. Umelipa 44,000 juu ya 40,000, zaidi ya asilimia 100. Kwa upande wa pili, mfanyabiashara amebeba hatari zote. Jua likiwaka miezi miwili, ama soko likifungwa, hasara ni yake. Na soko letu linafungwa. Uingereza ilipiga miraa marufuku Juni 2014. Somalia ilisimamisha ndege za miraa Machi 2020, na hazikurudi mpaka Julai 2022. Wakulima wa muguka wa Embu nao walionjeshwa Mei 2024, wakati kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza kuizuia. Kila mara hivyo doo ilikatika siku moja, na madeni yakaendelea kuzaa.

So kama lazima ukodishe miti, mimi naona afadhali muhesabu michumo, msihesabu miezi. Sema: unachuma mara nne, halafu miti inarudi. Mvua ikichelewa, mfanyabiashara anangoja na wewe, na hakuna mtu anakimbilia kuchuma mapema aharibu miti ya mwenyewe. Andikeni. Wazee wasiweke miti yote, waache sehemu ya kula nyumbani. Na kijana, kama ni miti ya buda ama ya guka, usiikodishe kwa siri. Hiyo imevunja familia nyingi kuliko benki yoyote.

Sanduku la kufuli tatu

Loan yenye kalenda yake inaweza kubadilishwa ikufuate iko hapa kijijini, na mayut wengi wanaidharau ju wanaona ni kitu ya wamathe. Kikundi kinakutana siku moja ya wiki, kwa boma ya mmoja wao. Kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti wenye hawaishi boma moja. Hakuna mtu anaweza kufungua akiwa peke yake. Doo inahesabiwa mbele ya kila mtu kwa sauti, inaandikwa kwa daftari, halafu wenye wanataka kukopa wanasimama, wanasema wanataka ya nini na watalipa lini. Hapo ndio uzuri uko. Mathe anasimama anasema yangu nitalipa nikivuna, na wenzake wanajua shamba lake, wanajua kama alipanda, wanajua kama mvua ilimpata. Hakuna apu inajua hayo.

Riba ya vikundi inaweza kuonekana juu, wengine wanatoza asilimia 5 kwa mwezi, wengine hadi 10. Lakini inarudi kwa sanduku lenu, na mwisho wa mwaka mnagawana. Mbogi yenu ya stage inaweza kufanya hivyo. Sajilini kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, na mlango wa Uwezo Fund unafunguka pia, mfuko wa serikali ulioanzishwa 2013 kwa vikundi vya vijana, wamama na watu wenye ulemavu. Hautozi riba, ni ada ya usimamizi tu.

Juu ya kikundi iko Sacco. Unaweka akiba, na kwa kawaida unakopa hadi mara tatu ya hiyo akiba, mradi wenzako wakudhamini. Hapo kwa kudhamini nisimame kidogo. Ukimwekea beshte sahihi, umeweka akiba yako mezani. Asipolipa, Sacco inakata yako, na inakata kihalali. Usimwekee mtu sahihi ju amekununulia chai. Muulize analipa na doo gani, inaingia lini. Akikasirika ju umeuliza, umeshapata jibu.

Na wewe mwenye unatoa

Tunabonga sana juu ya wenye wanakopa, tunasahau wenye wanakopesha pia ni watu wa hapa hapa. Mwenye duka anatoa unga kwa daftari. Msee ameuza shamba, doo imemjaa, watu wanamjia. Dame ako Nairobi, kila wiki nyumbani wanamwomba na kuahidi kurudisha.

Kumsaidia beshte na ngiri tano si kosa na hakuhitaji leseni. Kukopesha umma kama biashara ni kitu ingine. Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ilibadilishwa, na Machi 2022 kanuni za wakopeshaji wa dijitali zikatoka: lazima uwe na leseni ya Benki Kuu, useme bei yako wazi, na usimtishe wala kumwaibisha mteja. Wale kumi wa kwanza walipata leseni Septemba 2022, na kufikia katikati ya 2025 walikuwa wamepita 100. Orodha iko kwa tovuti ya Benki Kuu, mtu yeyote anaweza kuicheki kabla ya kuweka apu kwa simu.

Kama unakopesha mtu wako, andika. Najua huku kuandika kunaonekana kama kumkosea mtu heshima. Lakini karatasi yenye majina mawili, namba za vitambulisho, kiasi, siku ya kulipa, sahihi na shahidi mmoja inalinda urafiki. Tuma kwa M-Pesa badala ya kumpa mkononi, ju rekodi inabaki. Panga siku ya kulipa na kalenda yake. Ukimkopesha mkulima wa maharagwe na umwambie alipe baada ya mwezi, umejitafutia kesi wewe mwenyewe, ju mwezi ukiisha maharagwe bado yana maua. Mwambie alipe wiki mbili baada ya kuvuna, na uwe karibu wakati anauza.

Unataka dhamana? Toka 2017 kuna Sheria ya Haki za Dhamana kwa Mali Inayohamishika, na inakubali ng'ombe, nduthi, mashine, hata mazao, na unaisajili kwa mtandao ili mtu mwingine asichukue ng'ombe huyo huyo kama dhamana. Hii ni ya maana sana huku kwetu, ju sehemu nyingi za Tigania na Igembe zimengoja hati za mashamba miaka mingi. Lakini usivunje mlango wa mtu usiku ukabeba televisheni ati unamdai. Hapo wewe ndio unaenda ndani. Kuna wazee wa kusuluhisha, na hapa tuko karibu na nyumba ya wazee wa Njuri Ncheke pale Nchiru, na Katiba ya 2010 kwa kifungu cha 159 inatambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Ikishindikana kuna Mahakama ya Madai Madogo, inasikiza kesi hadi milioni moja, na sheria inataka iamue ndani ya siku 60. Karatasi yako ndio itaongea hapo.

Na kuna ukweli mmoja kwa kila mkopeshaji mdogo: usitoe doo yenye ikipotea utalala njaa. Kama mtu wa familia ana shida na unajua hawezi kurudisha, mpe kidogo kama zawadi na useme ni zawadi. Mtabaki mnasalimiana.

Ukikwama

Saa ingine umefanya hesabu sawa na bado mambo yameenda mrama. Mtoto amelazwa, nduthi imeibiwa, ndege za miraa zimesimama. Kitu ya kwanza ni kuongea kabla siku ifike. Usizime simu. Mkopeshaji mwenye ameskia kutoka kwako Jumatatu kwamba Ijumaa hautaweza ni tofauti sana na mwenye amekutafuta wiki mbili. Omba kupangiwa upya, na uombe kwa maandishi. Na tafadhali usikope apu moja ulipe ingine. Msee ana apu tano kwa simu na kila moja inalipwa na ingine, huyo hana loan tano, ana moja yenye inakua kila wiki.

Jua haki zako pia. Mkopeshaji wa dijitali haruhusiwi kupigia mathe yako, mdosi wako wala ex wako kuwaambia unadaiwa. Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliipiga kampuni ya Mulla Pride, yenye ilikuwa na apu za KeCredit na Faircash, faini ya karibu milioni tatu kwa kutumia namba za watu wengine kuwatishia. Ukifanyiwa hivyo piga picha ya ujumbe, umpelekee Kamishna malalamiko. Kabla ya kukupeleka CRB, wale wa kuweka rekodi za madeni, lazima mkopeshaji akupe notisi ya siku 30, na deni la chini ya ngiri moja haliorodheshwi. Ukiorodheshwa na ulipe, rekodi inabaki miaka mitano, lakini itaonyesha umelipa. Kila mwaka una haki ya ripoti moja ya bure kutoka kwa CRB, na wengi hatujawahi kuitisha. Kwa benki, sheria inasema deni likishaharibika, riba haiwezi kupita kiasi cha deni chenye kilikuwa kimebaki siku liliharibika. Na kama uliweka shamba, wanatakiwa wakupe notisi ya siku 90 ulipe, halafu ingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Shamba lenye familia inaishi haliwezi kuwekwa rehani bila idhini ya mke ama mume. Wamathe, msiweke sahihi kwa karatasi hamjasomewa.

Wale wa Nchiru, HELB pia ni deni. Riba yake ni asilimia 4, ndogo, na kulipa kunangoja mwaka mmoja baada ya kumaliza chuo. Lakini ukinyamaza tu, faini ni ngiri tano kila mwezi, na hiyo ni mbio kuliko riba yenyewe. Hata kama haujapata kazi, waandikie.

Na kubeti na doo ya loan, hapo sina maneno mengi. Nimezika mtu wa rika langu. Loan ya kubeti haina kalenda, ju doo ya kuilipa haiko mahali popote. Kama ni wewe, ongea na mtu leo, mathe, pasta, mwalimu, beshte mmoja mwenye unaamini. Deni linaweza kupangwa upya, hata liwe kubwa aje.

So kabla ya kubonyeza kubali usiku wa leo, chukua daftari, uandike mambo manne: nitashika ngapi mkononi, nitarudisha ngapi kwa jumla, nitarudisha lini, na siku hiyo doo itatoka wapi. Kama jibu la nne ni jina la loan ingine, weka simu chini. Na wewe mwenye unadai, mtu akimaliza kulipa, mwandikie karatasi kwamba amemaliza, weka sahihi na tarehe, umpe siku hiyo hiyo.